Kikebe cha jometri cha bati kwenye mtihani wa msambamba

Kila muhula unapokaribia kufunguliwa, vikebe vya jometri hurundikwa Kikuubo, jijini Kampala, Uganda, kwa bei ya jumla, kisha husambaa hadi kwenye maduka ya vifaa vya shule ya Nasser Road, Jinja, Mbale na Busia. Majina juu ya mifuniko ni mengi, lakini ndani ni ndugu wa tumbo moja: rula ya plastiki ya sm 15, protrakta ya nusu duara, seti-skwea mbili, bikari, divaida, penseli fupi, raba, kichongeo, na mara nyingi kibao chenye matundu ya herufi. Mpangilio wenyewe ni wa zamani. Kampuni ya Helix ya Uingereza ilianza kuuza seti yake ya Oxford mwaka 1935, na vikebe vingi vya leo ni wajukuu wake. Tathmini hii haimlengi mtengenezaji yeyote. Inakihusu kikebe cha bei ya chini, kile ambacho mzazi hukilipia bila hata kukifungua, na swali ni moja: kinaweza kuchora msambamba na kutoa pembe zake sawasawa?

Msambamba umechaguliwa kwa sababu unajua kuficha makosa. Ni umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ziko sambamba, kwa hiyo pembe zinazotazamana ni sawa, na pembe mbili zinazofuatana upande mmoja hutoa jumla ya digrii 180. Hapo hakuna nafasi ya mchanganyiko mwingine. Ama unapata pembe kali mbili (chini ya digrii 90) na pembe butu mbili (zaidi ya 90), ama zote nne ni pembe mraba (90 kamili) na umbo linaitwa mstatili (au mraba, kama pande zote ni sawa). Msambamba wenye pembe kali tatu haupo, kwa kuwa kila pembe kali lazima ipakane na pembe butu mbili. Mwanafunzi anaijua hiyo kanuni ya 180, na akishapima pembe mbili na kuona zimefika 180 hujipongeza na kufunua ukurasa. Kumbe vifaa vya kikebe vinaweza kumpa pembe mbili za uongo ambazo jumla yake ni 180 kamili.

Umbo la kupimia ni hili, msambamba ABCD: AB sm 8, AD sm 5, pembe ya A digrii 60. Vipimo hivi vimeteuliwa kwa makusudi. Mshazari mfupi, yaani mstari wa kutoka B hadi D, unatoka sm 7 kamili, bila desimali ya kubishania: kwa pembe ya 60, 8 × 8 + 5 × 5 − 8 × 5, yaani 64 + 25 − 40, ni 49, ambayo ni 7 × 7. Mshazari mrefu wa kutoka A hadi C ni kama sm 11.4, kwa hiyo hata rula ya sm 15 inautosha. Pembe ya A ikikosewa kwa digrii 1 tu, BD inasogea karibu milimita 1. Ikiwa digrii 61 utapata sm 7.09, ikiwa 59 utapata 6.91. Kwa maneno mengine, rula inaikagua protrakta. Mchoro huu unachukua dakika tano na unaweza kufanywa juu ya kaunta ya duka, kama mwenye duka ana subira.

Tuanze na protrakta, maana hapo ndipo penye kesi.

Kwenye protrakta ya kikebe, umbali kutoka kitovu hadi kwenye namba ni kama sm 5. Kwa umbali huo digrii moja ina upana wa milimita 0.87. Penseli butu yenye mstari wa milimita moja tayari imekula zaidi ya digrii nzima kabla hujakosea lolote. Hilo ni dogo. Kubwa ni ukingo. Protrakta nyingi za plastiki zina kipande cha ziada chini ya mstari wa sifuri, cha milimita kadhaa hivi. Mtoto hulaza ukingo huo juu ya AB badala ya kulaza mstari wa sifuri wenyewe, na kona A anaiweka chini kidogo ya kitovu. Chukua kipande cha milimita 5. Pembe ya kweli ya digrii 60 itasomeka karibu 57. Akihamia kona B na kurudia kosa lile lile, pembe ya 120 itasomeka karibu 123. Jumlisha: 57 na 123 ni 180. Kanuni imetimia, pembe zote mbili ni za uongo, na hakuna kitu kwenye daftari kitakachomshtua. Ni kwa sababu kosa la ukingo hupunguza pembe kali na kuongeza pembe butu kwa kiasi kile kile, na pembe mraba haliigusi kabisa. Ndiyo maana mtoto huyo huyo akipima mstatili anapata 90 safi na wote mnaamini protrakta ni nzima.

Akiwa anachora badala ya kupima, ukingo humpeleka upande wa pili: anatia nukta kwenye 60 lakini mstari unaotoka A unasimama kwa karibu digrii 62.6. Msambamba unapendeza, pande ni 8 na 5, ila BD inakuwa sm 7.2. Milimita mbili hizo ndizo zinazomsaliti.

Kosa la pili la protrakta ni namba za safu mbili, moja ikihesabu kutoka kulia na nyingine kutoka kushoto. Kwenye pembetatu ukisoma safu isiyo yake jumla inavurugika mara moja. Kwenye msambamba, ukisoma safu isiyo yake unapata pembe ya jirani! A inaandikwa 120, B inaandikwa 60, jumla 180, na vilevile zinazotazamana ni sawa. Dawa si kukariri safu ya ndani au ya nje, kwa sababu kwenye kona A sifuri yako iko kulia na kwenye kona B iko kushoto. Dawa ni kuanza kwenye sifuri iliyolala juu ya upande wa umbo na kuhesabu kwa kidole 10, 20, 30 hadi ufike. Na kabla ya kuhesabu, weka kona ya karatasi yoyote ndani ya pembe: ikiwa upande wa umbo umejificha chini ya karatasi, pembe ni kali na jibu haliwezi kuzidi 90. Ikiwa umebaki nje, ni butu. Ukaguzi huu wa sekunde tatu unaokoa alama nyingi kuliko kifaa chochote cha bei kubwa.

Ubora wa protrakta yenyewe unaonekana kwa macho. Igeuze uitazame kwa pembeni. Namba zikiwa zimepigwa upande wa chini, unaogusa karatasi, ni nzuri. Zikiwa upande wa juu, unene wa plastiki unafanya namba zisogee ukiinamisha kichwa. Pitisha ukucha juu ya mistari. Iliyochongwa au kufinyangwa ndani ya plastiki itadumu. Iliyochapwa wino tu itafutika kwa raba na jasho kabla ya muhula wa tatu, na ikipata spiriti haimalizi siku. Kitovu kiwe tundu dogo au msalaba mwembamba, si duara nene la kupita penseli nzima. Ilaze juu ya kioo cha kabati la duka. Ikiyumba imepinda, irudishe.

Bikari ni kifaa cha pili kwa uzito, na kwa mwanafunzi wa P.7 (darasa la saba) labda ni cha kwanza, kwa kuwa maswali ya kuchora kwenye karatasi ya hisabati ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, huagiza mara nyingi atumie rula, penseli na bikari tu. Bikari ya kikebe cha bei ya chini ina ugonjwa mmoja: skrubu ya kichwani haibani. Mguu unafunguka polepole huku mtoto anazungusha. Kujenga digrii 60 kunategemea matao mawili ya upana mmoja, la kwanza kutoka A likikata AB, la pili kutoka pale lilipokata. Ukifungua sm 5 na mguu ukaponyoka milimita 2 kati ya tao la kwanza na la pili, pembe inakuwa karibu digrii 62.7. Milimita 1 inatosha kukupa 61.3. Ukitumia upana mkubwa zaidi, tuseme sm 7, mponyoko ule ule unadhuru kidogo chini ya robo tatu tu ya hapo. Watoto wengi hufanya kinyume, hupiga vitao vya sm 2 ili mchoro uwe safi.

Kipimo cha dukani: fungua bikari sm 5 kwenye rula, piga duara kamili juu ya karatasi ngumu. Mwisho wa mstari ukikutana na mwanzo wake, nunua. Ukipishana nao, bana skrubu kwa bisibisi ndogo au kwa ncha ya sarafu, kisha jaribu tena. Ikishindwa mara ya pili acha. Angalia pia kwamba ncha ya sindano na ncha ya penseli zinalingana bikari ikifungwa. Penseli ikiwa fupi bikari inalala upande, sindano inachimba tundu, na kitovu kinahama. Na chini ya karatasi kuwe na daftari. Juu ya dawati la mbao gumu sindano huteleza hata kama bikari ni ya maelfu.

Hatua za kujenga msambamba wetu kwa bikari ni chache, ila zina mitego miwili. Chora AB sm 8. Jenga 60 kwenye A, upime sm 5 juu ya mstari huo, hapo ndipo D. Sasa kutoka B piga tao la sm 5, kutoka D piga tao la sm 8. Panapokutana ni C. Mtego wa kwanza: kubadilisha matao hayo, 8 kutoka B na 5 kutoka D. Matao yatakutana vizuri tu, na utakachopata si msambamba bali kishada, chenye pembe ya 60 kwenye A na C lakini karibu 76 kwenye B na karibu 164 kwenye D. Mtego wa pili: matao mawili hukutana mara mbili. Makutano yaliyo upande wa A wa mstari BD yanatoa umbo lililojikunja kama utepe, pande zake zikikatana. C sahihi iko ng'ambo ya BD. Ukishaipata, pima BD. Si sm 7.0? Rudi kwenye pembe ya A. Ni sm 11.4? Basi pembe yako ya A ni 120, umbo ni lile lile ila limegeuzwa kama kwenye kioo.

Hapa kuna jambo ambalo kikebe kinafundisha vizuri kuliko ubao. Mshazari wa msambamba wa kawaida haugawi pembe katikati. BD inaikata ile 120 ya B kuwa karibu 38.2 na 81.8, na vipande hivyo hivyo vinajirudia kwenye D vikiwa vimebadilishana upande: 38.2 ya B inatazamana na 38.2 ya D, kwa sababu AB na DC ni sambamba na BD imezikata zote mbili. Pembe hugawanywa nusu kwa nusu pale tu pande zote nne zinapokuwa sawa, yaani kwenye rombasi na mraba. Kosa la kuandika 60 na 60 kwenye B ni la kawaida mno, na protrakta hata mbovu inalifichua. Tahadhari moja ya ziada kwa umbo hili: mishazari inapokatana katikati hutoa pembe ya karibu 60.6. Imekaribia 60 kwa bahati tu ya vipimo, haina uhusiano na pembe ya A. Mwalimu anayetaka kuepuka mkanganyo huo abadilishe pande.

Seti-skwea ndizo zinazostahili sifa. Ile ya 30, 60 na 90 pamoja na rula hujenga msambamba wetu bila kusoma namba hata moja: laza rula, telezesha seti-skwea juu yake, na kila mstari unaochora ni sambamba na uliotangulia. Rula ikishikwa kwa kiganja kizima na si kwa kidole kimoja, usahihi wake unashinda wa protrakta ya kikebe hicho hicho. Ukizipanga mbili pamoja, 45 na 30 zinatoa 75, 45 na 60 zinatoa 105. Hapo una msambamba wa 75 na 105 bila protrakta. Kukagua pembe mraba yake, chora mstari, simamisha seti-skwea, chora wima, ipindue upande wa pili na uchore tena kutoka nukta ile ile. Mistari miwili ikiachana, mwanya unaouona ni kosa mara mbili. Udhaifu wake ni kona: zinamomonyoka kwa kugonganagongana ndani ya bati. Kona ikishakuwa mviringo usianzie mstari hapo, anzia milimita tano mbele.

Rula haina mengi. Kunja karatasi ya A4 katikati ya urefu wake; upande mfupi wa nusu hiyo ni milimita 148.5, kwa hiyo alama ya 15 lazima ipite ukingo kwa milimita moja na nusu. Ikiwa sivyo, rula imekosewa na itaharibu kila kitu kingine, hata hukumu ya BD. Anza kupima kwenye alama ya sifuri, si kwenye ncha ya plastiki.

Divaida watu huiona kama bikari iliyosahau penseli. Si kweli. Ifungue kwa urefu wa AB, ihamishe juu ya DC bila kusoma namba. Ncha zikitua sawasawa, pande ni sawa, na huo ni ushahidi usiopitia macho ya mtu wala wino uliofutika. Penseli ya ndani ni ngumu na hukatika, weka HB yako mwenyewe na uichonge iwe kali. Raba huacha doa. Kibao cha herufi ni mapambo.

Mtindo huu wa kukagua pembe kwa mshazari si wa darasani tu. Mafundi vyuma wa Katwe wanaochomelea fremu za milango hawana haja ya protrakta. Wanapima kona kwa kona kwa futi ya utepe, mishazari ikilingana fremu ni mstatili, isipolingana wamechomelea msambamba. Fremu ya sm 90 kwa 210 ikiinama digrii 1 tu, mishazari inapishana karibu sm 3. Jicho haliioni digrii moja. Utepe unaiona.

Kuna mahali kikebe hakina msaada wowote, nako ni kwenye maswali ya herufi: pembe mbili zinazofuatana ni 2x + 15 na 3x − 10, tafuta x. Michoro ya maswali hayo mara nyingi haikuchorwa kwa vipimo, hivyo kuipima kwa protrakta ni kujitafutia balaa. Zinafuatana, basi jumla ni 180, x ni 35, pembe ni 85 na 95. Anayezifanya sawa kana kwamba zinatazamana hupata x ya 25 na pembe mbili za 65, na 65 na 65 haziwezi kupakana kwenye msambamba.

Ununuzi, basi. Kikebe cha bei ya chini kinatosha kama bikari imefunga duara na protrakta ina namba upande wa chini. Bei ya rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) chache za Wandegeya huwezi kuidai zaidi ya hapo. Kikifeli kwenye bikari peke yake, usikiache chote. Nunua bikari nzuri ya peke yake, yenye skrubu ya kuzungusha katikati ya miguu inayoizuia isifunguke, na uitie ndani ya bati lile lile baada ya kutoa kibao cha herufi ili ipate nafasi. Protrakta mbovu ni rahisi zaidi kubadilisha kwani huuzwa moja moja. Epuka vile vya mfuko wa plastiki badala ya bati kwa mtoto anayebeba begi zito; seti-skwea hufika shuleni zimevunjika kona ya digrii 30, ambayo ndiyo nyembamba kuliko zote. Na bati lisiachwe kwenye dashibodi ya gari au dirishani penye jua la saa nane mchana, kwa sababu protrakta hupinda humo taratibu bila kuonyesha ufa, na siku ukiilaza tena kwenye kioo itayumba.